Kutoka vidole kumi hadi vinywa vinne: namna ya kuipanga Barkarola ya Tchaikovsky kwa saksafoni nne

Mpiga baritoni alisimamisha mazoezi, akaitoa saksafoni mdomoni, akaniuliza kwa upole: "Maalim, hapa pumzi nivute wapi?" Nikaisogelea karatasi yake. Baa kumi na sita za besi, nota baada ya nota, hakuna kituo hata kimoja. Nilikuwa nimeuhamisha mkono wa kushoto wa mpiga piano kama ulivyo, na piano haina mapafu. Kijana yule alikwisha jaribu mara tatu bila kulalamika, uso umemwiva.

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo sasa, na ndilo ninalotaka kukuandikia hapa, hatua kwa hatua, kwa kipande kimoja ninachokipenda kuliko vyote vya Warusi. Nachukulia kwamba unasoma nota na umewahi kushika ala ya kupuliza, iwe umeanzia skuli, kwenye bendi ya gwaride au kwenye beni ya harusini. Si lazima uwe mpiga piano.

Kuchagua kipande

Mwishoni mwa 1875, Nikolai Bernard, mhariri wa jarida la muziki la kila mwezi lililoitwa Nuvellist huko St Petersburg, alimwomba mtunzi Mrusi Pyotr Tchaikovsky vipande kumi na viwili vya piano, kimoja kwa kila mwezi wa mwaka 1876. Vilikuja kukusanywa kwa jina la Misimu, opus (yaani nambari ya kazi) 37a. Cha sita ni "Juni: Barkarola". Barkarola ni wimbo wa wapiga makasia wa Venice. Bernard alikiwekea kila kipande beti fupi ya mshairi wa Kirusi, na Juni ikapata maneno ya Pleshcheyev: twende ufukweni, mawimbi yatatubusu miguu, na nyota zitatuangazia kwa huzuni yenye siri. Msomee mtu maneno hayo Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, baada ya magharibi, mashua zikitikisika gizani, uone kama atahitaji kuelezwa zaidi.

Kipande kinafaa kwa sababu nyingine zisizo za hisia. Kinakwenda polepole. Nota zake si nyingi kupita kiasi. Mkono wa kulia unaimba, hauchezi sarakasi. Kwa kawaida barkarola huandikwa kwa mapigo sita au kumi na mawili, lakini Tchaikovsky aliiandika hii kwa mapigo manne, jambo linalowarahisishia wapigaji wanaoanza kukaa wanne bila kondakta. Dakika tano hivi, imekwisha.

Ukipenda kingine, angalia mambo matatu: je, kuna sauti nne unazoweza kuzisikia zikitembea? Je, mahadhi yanaimbika? Je, mtunzi amefariki zamani? Hilo la mwisho si dogo. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, na kupanga upya kazi ya mtu ni kazi inayohitaji ruhusa yake au ya warithi wake. Tchaikovsky alifariki 1893, Musorgsky 1881, Scriabin 1915, na hao hawana tatizo. Khachaturian alifariki 1978 na Kabalevsky 1987. Vipande vyao vya watoto vinavutia sana, lakini usiviguse bila barua ya ruhusa. Nota za Juni utazipata bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Chukua chapa ya zamani, kwa maana chapa mpya iliyohaririwa inaweza kuwa na haki zake.

Na asikwambie mtu kwamba saksafoni na Warusi hawajuani. Mbelgiji Adolphe Sax alipata hataza ya ala hii Paris mwaka 1846. Mwaka 1874 Musorgsky aliandika Picha za Maonyesho kwa piano peke yake, na mtunzi Mfaransa Ravel alipoihamishia kwenye okestra mwaka 1922, ile sehemu ya ngome ya kale aliikabidhi saksafoni ya alto. Glazunov, aliyezaliwa St Petersburg, akiwa mzee Paris mwaka 1932 aliwaandikia mpiga saksafoni Mfaransa Marcel Mule na wenzake kazi nzima ya saksafoni nne, opus 109. Isikilize mara kadhaa kabla hujashika penseli. Utasikia jinsi anavyowapokeza wapigaji pumzi.

Zijue ala kabla ya nota

Kundi la kawaida ni soprano, alto, tenor na baritoni. Zote zinaandikwa kwa ufunguo wa G, na zote zinasoma kutoka B-flati ya chini ya mistari hadi F au F-shapu ya juu kabisa. Tofauti iko kwenye kinachosikika. Soprano inasikika nusu-sauti 2 chini ya ilichoandikiwa, alto nusu-sauti 9, tenor 14, baritoni 21. Nambari hizo nne ziandike ukutani.

Kwa sauti halisi za piano, soprano haishuki chini ya A-flati iliyo chini ya C ya kati. Alto inafika D-flati iliyo chini ya hiyo, tenor inafika A-flati ya oktava ya pili, na baritoni D-flati ya chini yake, au C ikiwa ala ina kitufe cha A ya chini. Hapo ndipo sakafu yako ilipo. Mkono wa kushoto wa piano ukishuka zaidi, utaupandisha oktava moja, na msikilizaji hatahisi kitu ukifanya hivyo mwanzoni mwa sentensi, si katikati yake.

Lakini mipaka ya ala si mahali pa kuishi. Nota tatu za chini kabisa za kila saksafoni hazitaki kunong'ona; zinatoka kwa nguvu au hazitoki. Nota tatu za juu zinataka mpigaji aliyekomaa. Andika katikati, na kando nenda pale tu muziki unapodai.

Kama huna soprano (na hapa Unguja kupata soprano nzima isiyovuja ni bahati), tumia alto mbili, tenor na baritoni. Juni inakubali. Kama huna baritoni, usikimbilie kinanda cha umeme. Nenda kwenye vikundi vya taarabu ukamwombe mpiga besi kubwa la nyuzi. Akilidonoa kwa kidole chini ya saksafoni tatu, lile kasia la Tchaikovsky linasikika majini kweli.

Penseli za rangi

Chapisha nota za piano kwenye karatasi, upande mmoja tu. Usifungue kompyuta bado. Chukua penseli nne za rangi na upite kipande chote ukiulizana na nafsi yako: hii sauti ni ya nani? Mahadhi nyekundu, besi buluu, na sauti mbili za ndani kijani na njano. Mahali ambapo penseli inasita, weka alama ya kuuliza na uendelee. Kazi hii hunichukua jioni mbili, na ndiyo nusu ya mpango mzima.

Utakutana na akodi, yaani sauti zilizopigwa kwa pamoja, zenye nota tano au sita, na vinywa ni vinne. Cha kuachwa kwanza ni nota iliyorudiwa oktava nyingine. Ikibaki ya ziada, acha ya tano. Kwenye akodi ya D yenye saba, yaani D, F-shapu, A na C, A ndiyo ya kwenda. F-shapu na C ndizo zinazomvuta msikilizaji kurudi G, ukizigusa umemkata mtu kamba ya nanga. Kwenye G maina, ambayo ndiyo skeli ya Juni, usipoteze B-flati kamwe, kwa sababu ndani yake ndimo huzuni yote ilimo.

Kisha nakili kwenye mistari minne ya nota kwa sauti halisi, yaani kama piano inavyosikika. Programu ya kuandikia nota ya MuseScore ni ya bure na ina kitufe cha kubadili kati ya sauti halisi na sauti ya kila ala. Kiwashe mwanzo na ukizime mwisho. Hifadhi kila baada ya baa chache, umeme wetu unajulikana.

Mahadhi apewe nani

Wengi humpa soprano mahadhi mwanzo hadi mwisho kwa sababu yuko juu. Ni kosa, na ni kosa linalochosha masikio ya wanaosikiliza na midomo ya anayepuliza.

Mahadhi ya Juni yanaanza kwa kupanda ngazi: D, E, F-shapu, G, A, B-flati. Ni mtu anayepanda chombo taratibu, akijaribu ubao kwa mguu. Mimi humpa alto. Eneo lake la katikati linafanana na sauti ya mtu anayeimba kwa kifua, na soprano namnyamazisha kabisa kwa sentensi ya kwanza. Akiingia kwenye ya pili, hata akiingia kwa sauti ndogo, ukumbi unafunguka. Ukimtumia mapema umeimaliza hazina.

Unapohamisha mahadhi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, usiyakate kama uzi. Nota ya mwisho ya anayetoa iwe pia nota ya kwanza ya anayepokea, kwa sauti ile ile na nguvu ile ile. Wawili hao wakutane hapo kwa pigo moja, kisha wa kwanza azame.

Kuna jambo la kwetu la kuzingatia. Masikio yetu yamelelewa na taarabu, ambako fidla, nai, udi na kanuni zote hufuata mahadhi mamoja, kila mmoja kwa madaha yake. Mpiga tenor aliyekulia humo ukimpa nota mbili za ndani kwa baa nane atahisi umempa mifupa. Basi mkalishe aimbe ile sauti ya ndani kwa mdomo huku mwingine akipiga mahadhi. Akisikia nota yake inavyoyabadilisha mahadhi rangi, hatahitaji kubembelezwa tena. Na ule mtelezo wa fidla tunaoupenda usiupige marufuku wote. Nauruhusu mahali pamoja tu, karibu na mwisho, kwenye mruko mpana wa alto.

Mguu wa kulia wa mpiga piano

Hapa ndipo nilipokosea, na hapa ndipo nataka ukae zaidi.

Mkono wa kushoto wa Juni unapokezana besi na akodi, kasia linaingia, kasia linatoka. Kwenye karatasi besi ni nota fupi. Masikioni si fupi hata kidogo, kwa sababu mguu wa kulia wa mpigaji uko kwenye pedali, na pedali inaziacha nyuzi zikiendelea kulia wakati mkono umeshahamia kwenye akodi. Ukinakili karatasi unapata besi ya "tup" kisha shimo. Ukitaka muziki, nakili kile kinachosikika.

Njia ya kwanza: refusha besi ya baritoni ifike mapigo mawili au matatu, na alto au tenor waweke akodi juu yake kwa ulaini. Inasikika vizuri sana, na inakula pumzi vibaya sana. Njia ya pili: baritoni apige fupi lakini aiachie nota ife taratibu, na tenor ashikilie nota moja ya akodi kupita pigo la pili hadi la nne. Yeye ndiye anakuwa pedali. Kutoka mbali msikilizaji anadhani ni besi bado inalia. Mimi nazibadilisha njia hizo mbili kila baada ya baa mbili au nne, na kila mabadiliko ni mtu mmoja kupata kuvuta pumzi.

Piga hesabu. Mapigo 72 kwa dakika yanafanya baa moja ya mapigo manne ichukue sekunde 3 na kidogo. Sentensi ya baa nne ni sekunde 13. Mpiga alto wa kawaida anaweza kuibeba kwa sauti ya wastani. Mpiga baritoni hawezi, bomba lake linameza upepo maradufu. Kwa hiyo mwandikie pumzi kila baada ya baa mbili, usingoje aibe mwenyewe, kwa sababu akiiba ataiba kwenye pigo la kwanza, mahali ambapo kila mtu anamtegemea. Mahali pazuri ni baada ya pigo la tatu: besi imeshafanya kazi yake, na la nne linabebwa na wenzake.

Chini ya mistari minne ya nota nachora mistari mingine minne mitupu, mmoja kwa kila mpigaji, naweka alama ya mkato kila anapopumua. Nikimaliza ukurasa naangalia wima. Nikikuta mikato miwili imesimama mahali pamoja na sentensi haijakwisha, narudi kurekebisha. Kwa mwenye mahadhi naangalia kitu kingine: pumzi yake iangukie pale ambapo mghani angepumua. Ukighani shairi la mizani kumi na sita, unapumua kwenye kina cha kati bila kuambiwa na mtu. Yaghani mahadhi ya Juni kwa "la la" mara tano, utavikuta vina vyake.

Kompyuta haitakusaidia hapa. Itapiga baa mia bila kuhema na utadhani mpango umekamilika.

Sehemu ya kati na zile akodi za kukwangua

Baada ya wimbo wa kwanza, mwendo unaongezeka kidogo na anga linafunguka: G meja. Kisha yanaingia mapigo matatu, ya furaha na kasi. Kwa saksafoni hatari ni uzito. Wanne wakipiga nota zote kwa pamoja, mashua inakuwa meli ya mizigo. Baritoni aguse pigo la kwanza tu na kunyamaza, sauti za ndani ziwe fupi na nyepesi kwa ncha ya ulimi, soprano au alto mmoja tu ndiye aimbe kwa kuunganisha. Baada ya hapo muziki unapanda hadi kileleni.

Kileleni Tchaikovsky anaandika akodi kubwa za kukwanguliwa, nota zikiingia moja moja kutoka chini kwenda juu. Saksafoni moja haiwezi akodi, lakini nne zinaweza kuingia kwa zamu: baritoni, tenor, alto, soprano, kila mmoja akishikilia alipofika. Usiandike kwa alama ya mkunjo kama ya piano, wapigaji watabishana. Andika kwa nota ndogo kamili, kila mmoja akichelewa kwa robo ya pigo, na useme wazi kwamba pigo lenyewe ni la soprano aliye juu. Akodi yenye nota nne tofauti, kama zile za saba zilizopunguzwa, ni zawadi: kila mtu ana yake, hapana cha kuacha.

Mahadhi yanaporudi hayarudi peke yake. Sauti nyingine inajibu kutoka chini, kama mtu wa pili chomboni aliyekuwa kimya. Jibu hilo ni la tenor. Liandike kwa nguvu ileile ya mahadhi, wala usilitie kwenye sauti za kusindikiza. Kwa maoni yangu mpango mzima unahukumiwa hapa: ikiwa tenor anasikika, umefaulu.

Mwisho muziki unafifia, na kufifia ni kazi ngumu kwa saksafoni. Akodi ya mwisho ya G maina naipanga hivi kwa sauti halisi: baritoni G, tenor D iliyo juu yake, alto B-flati, soprano G ya juu ya C ya kati. Ukiihamisha, baritoni na tenor wote wanasoma E ya mstari wa chini, alto G, soprano A. Zote ni nota tiifu, zinakubali kupulizwa kwa sauti ndogo. Ukishawishika kumpa baritoni D ya chini kabisa kwa ajili ya kina, ataisoma B ya chini ya mistari, na itatoka kama honi ya boti.

Kuhamisha

Sasa zima sauti halisi. G maina ina flati mbili. Soprano na tenor wataona A maina, haina shapu wala flati. Alto na baritoni wataona E maina, shapu moja. Ndiyo maana usiihamishe Juni kwenda skeli nyingine. Ilipo ni nyumbani kwa saksafoni. Kwenye G meja ya kati, soprano na tenor wanapata shapu tatu, alto na baritoni nne. Waonye mapema.

Kwa anayeandika kwa mkono, kuna njia ya mkato ya baritoni: nota iliyo kwenye ufunguo wa F wa piano iache palepale kwenye mstari wake, badilisha ufunguo uwe wa G, ongeza shapu tatu mwanzoni (mbili zinazifuta zile flati mbili, inabaki shapu moja). G ya mstari wa chini inakuwa E ya mstari wa chini, sahihi kabisa. Zilizo katikati ya wimbo zenye shapu, flati au bekari zipitie moja moja, hizo haziji zenyewe.

Mazoezi

Wakalishe kwa nusu duara, soprano na baritoni kwenye ncha waonane, kwa sababu wa kwanza anaongoza mwendo na wa pili anaushikilia. Wapulize dakika kumi kabla ya kulinganisha, ala ikipata joto sauti inapanda. Baritoni atoe G, wengine wajipange juu yake.

Mzunguko wa kwanza usiwe wa nota. Waambie wapulize hewa tupu wakifuata karatasi, bila sauti, na wapumue pale ulipoandika. Utawaona kwa macho wanaobanwa. Halafu mahadhi na besi peke yao, kisha sauti za ndani peke yao, ndipo wote.

Tunapofanyia sisi ni ua wa nyumba ya mawe Mji Mkongwe, kuta zinarudisha sauti na kumfanya kila mmoja ajione hodari. Kwa hiyo mara moja kwa wiki tunatoka nje, vibanio vya nguo vikishika karatasi, na upepo wa kusi unatuonyesha sauti ipi ni dhaifu. Adhana ikilia tunasimama, na hapo ndipo nakusanya karatasi zote kuona walichoandika kwa penseli. Kila alama ya pumzi waliyoiongeza wao naihamishia kwenye nakala kuu usiku huohuo, tarehe juu, na nakala ya zamani naichana ili isije ikachanganyika kwenye mkoba siku ya onyesho.